Friji ya bibi ninayemhudumia iko tupu: nimsaidieje bila kumvunjia heshima?

Swali: Mimi ni Mkenya, nafanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani hapa Boston. Huu ni mwezi wa nane naenda siku tatu kwa wiki kwa bibi mmoja Myahudi wa miaka 91, mzaliwa wa Ukraine, anayeishi peke yake Brighton. Friji yake haina kitu: kipande cha kitunguu, maziwa, mkate. Nikimuuliza ananiambia ameshiba. Akina mama wa kanisa letu huku Lowell tumechanga dola 640, tungependa zimfae yeye na wazee wenzake. Nimnunulie chakula? Mashirika ya Kiyahudi hupokea mchango wa Wakristo? Bibi mwenyewe haendi sinagogi, je, watamkubali? Na nikuambie ukweli, kuna waliouliza kanisani: Wayahudi si wana pesa?

Jibu: Dada yangu, pole kwa kazi, na asante kwa kuliona jambo ambalo wengi wangelifungia mlango wa friji na kuendelea na ratiba. Nimefanya kazi ya ustawi wa jamii na wazee katika jimbo hili kwa miaka mingi, na barua yako nimeisoma mara mbili kabla ya kushika kalamu.

Nianze na hilo la mwisho, maana lisipojibiwa mchango wenu utatoka kwa shingo upande. Wako Wayahudi wenye mali, kama walivyo Wakikuyu wenye mali na Wachaga wenye mali. Lakini utafiti mkubwa uliofanywa na taasisi ya Pew mwaka 2020 uliwauliza Wayahudi wa Marekani kuhusu maisha yao, na asilimia 26 walisema kwamba katika mwaka uliotangulia waliwahi kushindwa kumudu bili: matibabu, nyumba, chakula au nyinginezo. Mtu mzima mmoja kati ya kumi alikuwa katika kaya yenye kipato kisichofika dola 30,000 kwa mwaka. Na ule uvumi kwamba Wayahudi wote ni matajiri unamuumiza zaidi yule aliye maskini. Anajua watu wanamdhania nini, basi anajificha. Pengine ndiyo maana bibi yako anasema ameshiba.

Fikiria njia aliyopitia. Wayahudi wengi wa umri wake waliotoka iliyokuwa Muungano wa Kisovyeti walifika Marekani kati ya miaka ya 1970 na 1990, wengine wakiwa tayari na miaka hamsini na kitu. Alikuwa mwalimu au mhandisi kwao, na hapa hakupata miaka ya kutosha ya kazi kujipatia pensheni ya Social Security. Wa namna hiyo huishi kwa SSI, fedha ya serikali kwa mzee asiye na kipato cha kutosha, na mwaka 2025 kiwango chake cha juu kwa mtu mmoja kilikuwa dola 967 kwa mwezi. Jimbo huongeza kidogo. Toa kodi, hata kama ni nyumba ya ruzuku, toa simu, umeme, dawa na miwani. Kinachobaki ndicho ulichokiona kwenye friji.

Sasa nikuombe jambo moja, na majibu mengine yote yanatoka humo: usimnunulie chakula na kumpelekea.

Niliwahi kulifanya kosa hilo mimi mwenyewe nilipokuwa mgeni katika kazi. Kulikuwa na mzee mmoja, fundi cherehani mstaafu, nikamwonea huruma. Nikanunua mifuko miwili ya chakula, nikapanda nayo lifti saa sita mchana, nikabisha hodi. Jirani yake alikuwa ukumbini akisubiri posta. Mzee alifungua, akatazama mifuko, akamtazama jirani, akasema kwa sauti ya juu, "Umekosea nyumba." Akafunga mlango. Ilichukua wiki tatu kabla hajanifungulia tena. Chakula kilikuwa kizuri, ila nilimvua nguo mbele ya mtu.

Sisi tuna neno la jambo hilo: kusitiri. Na Wayahudi wanalo lao la zamani sana. Wao kutoa huita *tzedakah*, na neno hilo ni ndugu wa sadaka yetu. Lao la Kiebrania, letu kupitia Kiarabu, yote mawili yanatoka kwenye mzizi mmoja wa Kisemiti. Ila katika Kiebrania mzizi huo unabeba haki. Kwa hiyo anayetoa hafanyi hisani, analipa kile ambacho mwenzake anakistahili. Wewe unayesoma Biblia umekutana nalo katika Mambo ya Walawi sura ya 19: usivune pembe za shamba lako, waachie maskini na mgeni. Ruthu alipookota masuke shambani kwa Boazi alikuwa anatumia haki hiyo, naye alikuwa mgeni, Mmoabi.

Katika karne ya 12, Rabi Moshe ben Maimon, aliyezaliwa Córdoba akafariki Misri mwaka 1204, alizipanga sadaka katika ngazi nane. Ya chini kabisa ni ya mtu anayetoa huku amenuna. Karibu na juu ipo ile ambayo mtoaji hamjui mpokeaji, wala mpokeaji hamjui mtoaji. Juu ya zote akaweka kumwezesha mtu kwa mkopo, ubia au kazi, asije akahitaji kuomba tena. Mashirika ya huduma za jamii ya Kiyahudi unayoyaona leo yamejengwa juu ya ngazi ile ya pili kutoka juu, ya wasiojuana. Yapo ili shirika lisimame katikati, na jirani wa ukumbini asijue mfuko umetoka wapi.

Ipo pia sababu ya kihistoria. Mwaka 1654 Wayahudi 23 waliokuwa wakikimbia kutoka Brazili walitua New Amsterdam, New York ya leo. Gavana Peter Stuyvesant alitaka kuwafukuza. Mwaka uliofuata kampuni ya Kiholanzi iliyomiliki koloni ikamwamuru awaache wakae, kwa sharti kwamba maskini wao wasiwe mzigo kwa kampuni wala kwa wenyeji, walelewe na watu wao wenyewe. Wamelibeba sharti hilo kwa zaidi ya miaka 370. Hapa Boston chama chao cha kusaidia wahitaji kilianza mwaka 1864, na leo ndicho Jewish Family & Children's Service, chenye makao Waltham. Mwaka 1895 vyama mbalimbali vya misaada vya Wayahudi wa Boston viliungana kuchangisha pamoja, muungano wa kwanza wa aina yake nchini Marekani. Miji mingine ikaiga. Kwa hiyo mnapochanga hamwanzishi kitu, mnaingia mahali palipokwisha kujengwa.

Turudi kwa bibi. Hatua ya kwanza ni ruhusa yake, maana usiri wa mteja si wako kuutoa, hata kwa nia njema, hata kanisani. Usimtaje jina wala jengo analoishi kwa akina mama wenzako. Na mwambie msimamizi wako ulichokiona, kwa maandishi, kavu kavu: tarehe, kilichokuwa kwenye friji, kama nguo zinaanza kumpwaya. Kampuni nyingi za huduma zinakataza mhudumu kumpa mteja zawadi au fedha, hivyo ungeweza kupoteza kazi kwa kumnunulia kuku. Msimamizi au mratibu wa huduma ndiye mwenye njia rasmi ya kupiga simu kwa shirika, na bibi mwenyewe pia anaweza kupiga akitaka. Wewe ukae karibu naye kwenye kochi wakati anapiga.

Hilo la sinagogi lisikusumbue. Mashirika haya ni ya huduma za jamii, hayaulizi kadi ya uanachama. Wazee waliokulia chini ya Wasovyeti wengi hawakuwa na uhuru wa kusali, na mashirika yanalijua hilo kuliko mtu yeyote. Huduma zao nyingine, kama ushauri nasaha na msaada kwa mama wenye watoto wachanga, huwafikia watu wa dini zote.

Kuna jambo ambalo yawezekana hakuna aliyemuuliza bibi. Ana miaka 91, amezaliwa Ukraine. Mwaka 1941 Wajerumani walipoingia alikuwa mtoto. Alikuwa wapi? Familia nyingi za Kiyahudi zilikimbilia mashariki kwa treni za mizigo, hadi Tashkent huko Asia ya Kati na mbali zaidi, na walioshindwa kuondoka wengi waliuawa. Mtu aliyekimbia hivyo akiwa mtoto anahesabiwa kuwa miongoni mwa manusura wa Holokosti, yale mauaji ya halaiki ya Wayahudi yaliyofanywa na Wanazi, ingawa wengi wao hujiona hawastahili jina hilo kwa kuwa hawakufungwa kambini. Mapema mwaka 2024 ilikadiriwa kuwa manusura walio hai ni kama 245,000 katika nchi zaidi ya 90, nusu wakiwa na zaidi ya miaka 86.

Nakueleza haya kwa sababu ya fedha, na kwa sababu ya mkate pia.

Fedha kwanza. Shirika liitwalo Claims Conference, lililoundwa New York mwaka 1951, hujadiliana na serikali ya Ujerumani kuhusu fidia. Wapo waliokimbia majeshi ya Hitler ambao wana haki ya malipo ya mara moja, na nyongeza ya kila mwaka. Kwa mwaka 2026 nyongeza hiyo ni yuro 1,350. Shirika hilohilo hugharamia saa za ziada za mhudumu wa nyumbani kupitia mashirika ya Kiyahudi ya mtaani, kwa kuangalia hali ya mzee na kipato chake. Kuomba ni bure. Mtu akimwambia bibi alipie fomu au wakili, huyo ni wa kukimbiwa. Na sikiliza hili, maana wazee wengi hukataa fidia kwa kuogopa kupoteza SSI au nyumba ya ruzuku: sheria ya Marekani ya mwaka 1994 inasema malipo wanayopewa watu kwa sababu ya kuteswa na Wanazi yasihesabiwe wanapopimwa kustahili misaada ya serikali kuu. Nimeona wazee wakikaa na hofu hiyo miaka ishirini.

Mkate sasa, maana aliyeonja njaa ya vita utotoni anaweza kuficha chakula hata leo. Ulisema friji ina mkate. Angalia pia, bila kupekua, kama kuna mkate mahali pengine: kwenye leso, kwenye mfuko wa koti, chini ya mto. Nilimjua mama mmoja ambaye kila jioni alikata kipande, akakikunja kwenye karatasi ya tishu mara nne, akakiweka droo ya juu kando ya kitanda. Asubuhi alikitoa, akakigusa, akala. Mhudumu wake wa kwanza alivitupa vyote siku ya usafi, kwa nia ya kuzuia mende, na mama yule hakulala usiku kucha. Ukiukuta mkate wa namna hiyo, uache. Kama umeota ukungu, mwombe mbadilishane kwa mwingine mbichi. Bafu nayo inaweza kumtisha kwa kumkumbusha ya vita, pia mlango kugongwa kwa nguvu, mbwa mkubwa, au kusimama foleni. Hilo la foleni lina maana kwa chakula: mzee wa aina hii usimpeleke kupanga mstari kwenye stoo ya misaada. Aletewe.

Na kuletewa kupo. Shirika lile la Waltham lina mpango wa chakula uitwao Family Table, ambapo watu wa kujitolea hufunga mifuko na kuipeleka hadi mlangoni, vyakula vyote vikiwa kosheri, yaani vinavyofuata sheria ya chakula ya Kiyahudi. Kando ya hilo, muulize mratibu kama bibi anapokea SNAP, fedha ya chakula ya serikali, na kama anapokea, je, walihesabu gharama zake za matibabu? Kwa mwenye miaka 60 au zaidi, gharama za matibabu anazolipa mwenyewe zikizidi dola 35 kwa mwezi, kile kinachozidi hupunguzwa kwenye kipato kinachopimwa, na posho inaweza kupanda. Miwani imo, meno yamo, hata nauli ya kwenda hospitali. Wazee hutupa risiti. Mwekee bahasha moja jikoni ya kuzihifadhi.

Sasa dola 640 zenu. Ndiyo, hupokelewa, na kwa furaha. Mwaka 2018, baada ya mtu mwenye bunduki kuua waumini 11 katika sinagogi la Tree of Life kule Pittsburgh, Waislamu wa Marekani walichangisha zaidi ya dola 200,000 kwa ajili ya familia zilizofiwa. Hakuna aliyeuliza msikiti gani. Na deni la wema huenda pande zote mbili. HIAS, shirika la Kiyahudi la wakimbizi, lilianza kazi Nairobi mwaka 2002, na baadhi ya ndugu zetu Wakongo waliopewa makazi Pittsburgh walipokelewa uwanja wa ndege na wafanyakazi wa shirika la Kiyahudi la mji huo. Waambie hayo waliouliza swali lile kanisani.

Toeni fedha, msinunue vyakula. Shirika hununua kwa jumla, na linajua wiki hii limepungukiwa nini. Mnaweza kuandika kwamba mchango ni wa chakula cha wazee, au wa mfuko wa dharura unaolipa bili ya umeme na kodi ya nyumba iliyochelewa. Msiandike kwamba ni wa bibi fulani. Kwanza mnamvunjia siri. Pili, mchango uliolengwa kwa mtu mmoja haupunguzi kodi ya mtoaji. Mkitaka nafuu ya kodi, kila mama atoe wake kwa jina lake. Kuanzia mwaka wa kodi wa 2026 hata asiyeorodhesha makato anaweza kukata mchango wa fedha hadi dola 1,000, au 2,000 kwa mume na mke wanaojaza pamoja. Zikitumwa zote 640 na mtu mmoja, aombe barua ya kuthibitisha, kwani kuanzia dola 250 inatakiwa. Kabla ya kutuma, tafuteni jina la shirika kwenye orodha ya IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, ya mashirika yaliyosamehewa kodi, kisha someni fomu yao ya 990, yaani taarifa yao ya fedha ya kila mwaka, iko wazi kwa kila mtu. Anayetaka mchango kwa kadi za zawadi za dukani ni tapeli.

Kama mioyo ya akina mama haitatulia bila kubeba kitu mkononi, basi sawa, ila kwa utaratibu. Chakula kiwe kimefungwa kiwandani, na alama ya kosheri iwepo kwenye pakiti: U ndani ya duara, K ndani ya duara, au KVH ya marabi wa New England. Herufi D kando yake maana yake kina maziwa, na maziwa hayaliwi pamoja na nyama. Chochote kilichopikwa nyumbani hakitapokelewa, hata chapati zako, hata kama jiko lako linang'aa. Sheria ya kosheri inafuata chombo na moto uliopikia, usafi wako hauna shaka. Kabla ya Pasaka yao, mwezi wa tatu au wa nne, masharti huzidi: hakuna ngano iliyochacha kwa siku nane, na wengi wa asili ya Ulaya Mashariki huwa hawali hata mchele na maharagwe. Kipindi hicho ndicho mashirika huelemewa zaidi, maana vyakula vya Pasaka ni ghali. Desturi ya kuchanga kabla yake ina jina lake, *maot chitim*, fedha za ngano. Mchango wenu ukifika wiki tano au sita kabla, utanunua matza, mkate wao usiochachwa, na samaki kwa meza ya mzee kama bibi.

Halafu kuna mikono, na hapo kanisa lenu lina utajiri ambao hamjauhesabu. Kuanzia Ijumaa jua likizama hadi Jumamosi usiku Myahudi mshika Sabato haendeshi gari wala kubeba mizigo. Jumapili kwao ni siku ya kazi. Ninyi mkitoka ibada mna mchana mzima. Ulizeni kama wanahitaji madereva au wafungaji wa mifuko, mjiandikishe, mkubali kuchunguzwa rekodi kama wanavyofanya kwa kila mtu. Nimezoea kuona Wayahudi wakiingia zamu za Krismasi hospitalini ili Wakristo wakae na watoto wao. Mnaweza kurudisha kwa kushika zamu za siku kuu zao. Mlangoni mtakuta mlinzi, pengine na mashine ya kupekua. Msilichukulie vibaya, ni tangu mauaji kama yale ya Pittsburgh. Bebeni vitambulisho, wape salamu.

Kesho ukifika kwa bibi, usianze na friji. Pika chai, kaa chini, na baada ya hapo mwambie hivi, kwa sauti ya kawaida: "Bibi, kuna haki zako ambazo nadhani hakuna aliyekueleza. Nakuomba ruhusa nimwambie mratibu akupigie." Tumia neno haki, msaada usiutaje. Mwambie pia kwamba watakaokuja hawatabeba mifuko yenye maandishi, na kwamba yeye ndiye atakayechagua siku. Akikataa, usibishane, mmalizie kazi zake kama kawaida, na umuulize tena zamu ijayo.